Kura za Ilhan Omar, moja baada ya nyingine
Wiki hii nimekuwa nikipitia kumbukumbu za kura za Ilhan Omar, mbunge wa Minnesota katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa kwetu Mombasa. Historia yake ya uchaguzi haina mafumbo: mwaka 2016 alimbwaga Phyllis Kahn, aliyekuwa katika bunge la jimbo tangu 1973, mwaka 2018 akachaguliwa kwenda Washington, na mwaka 2022 akaponea chupuchupu katika mchujo wa chama dhidi ya Don Samuels. Kilichonishughulisha ni kura zenyewe. Tarehe 5 Novemba 2021 mswada wa miundombinu ulipita kwa kura 228 dhidi ya 206, naye alikuwa miongoni mwa Wademokrati sita walioukataa, kwa kuwa ulitenganishwa na mswada wa huduma za jamii. Sasa, vipimo vya kitakwimu vinavyowapanga wabunge kwa kuangalia nani hupiga kura pamoja na nani haviulizi sababu (wala haviwezi), kwa hiyo “hapana” yake ya mrengo wa kushoto huhesabiwa sawa na “hapana” ya Warepublican, naye huonekana wa wastani kuliko wenzake ambao, ukiwasikiliza wakihutubia, hawamkaribii hata kidogo kwa msimamo wa kushoto.