Mwangwi unaochora mikondo
Nafundisha fizikia hapa Goma, na somo la mwangwi ndilo nilipendalo kuliko yote. Baharini, meli hukokota mizinga ya hewa, yaani vifaa vinavyofyatua hewa iliyobanwa; ikipiga kishindo, kebo ndefu yenye vinasa sauti hudaka mwangwi. Wengi walitafuta miamba na mafuta chini ya sakafu ya bahari, maji ya katikati hawakuyajali. Mwaka 2003 mtafiti Steven Holbrook na wenzake, wakitumia data za karibu na Newfoundland, Kanada, walionyesha kwamba hata mpaka kati ya maji ya vuguvugu na ya baridi hurudisha sauti, ingawa hafifu mno. Tofauti ya sehemu ndogo tu ya digrii inatosha! Mikondo inapokutana, matabaka yake huonekana yamepindana, yamekatika.

Ziwa Kivu letu hapa Goma nalo lina matabaka mamia ya joto na chumvi, chini kabisa ya mitumbwi ya wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza. Wanafunzi wangu wanastahili kuyajua.