Baridi ya Mbeya na ya Ujerumani si moja

Kijana wa Uyole au Tukuyu anayekwenda kusoma Ujerumani hujiona ameshaizoea baridi. Kweli, Juni na Julai Mbeya tunakaa na sweta hata sebuleni. Kule ni kinyume: ndani joto, nje barafu. Vaa fulana, sweta jepesi, kisha koti lisilopitisha upepo. Ukiingia darasani unapunguza.

Kinachowaponza wengi ni dirisha. Madirisha ya kule hufunga kabisa. Ukipika, ukaoga na kuanika nguo chumbani, mvuke unakosa pa kutokea, unatua kwenye kona za ukuta zenye baridi, na ukungu mweusi unaota. Mwenye nyumba anaweza kukudai gharama. Zima kipasha joto, fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, hata theluji ikianguka, kisha funga. Kuliacha wazi kidogo kutwa nzima ni kupoza kuta bure.

Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua chakula Jumamosi. Na jiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kuwa umehamia kwake iombe mapema, maana bila hiyo ofisi itakurudisha bila kukuandikisha.