Port Meadow, malisho ya wenye mji

Wageni wengi wanaofika Oxford hufuata minara na vyuo. Mimi nilitaka kuona malisho. Ukishika Walton Well Road, unavuka mfereji na reli, unasukuma lango, na mbele yako panatanda uwanda wa zaidi ya ekari 300, hauna jengo wala shamba. Ilikuwa mwezi wa tatu. Maji ya mafuriko yalikuwa hayajakauka, na sehemu kubwa ya uwanda ilikuwa ziwa la mabata bukini.

"Dada, shika ukingo, hapo katikati ni tope tupu," akaniambia mwenyeji wangu, kijana wa Kilosa anayesoma pale.

Maji yakiwa hivyo, huoni ajabu kwamba hati za kale zilipaita kisiwa cha wenye mji. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ambacho mfalme William Mshindi aliagiza kiandikwe ili ajue nani ana mali gani, kinasema watu wa mji wa Oxford wana malisho ya pamoja nje ya ukuta, yanayoingiza shilingi 6 na peni 8. Haki hiyo haijafa. Hadi leo watu wanaotambuliwa kama raia huru wa mji, yaani wenye hadhi ile ya kale ya wenye mji, pamoja na wenye haki wa kijiji cha Wolvercote, hulisha ng'ombe na farasi wao pale. Mara moja kwa mwaka Sherifu wa Oxford husimamia msako, na mfugo wa asiye na haki hushikwa mpaka mwenyewe alipe faini.

Mwenzangu alicheka niliposhangaa. Kwao Kilosa, Desemba 2000, wakulima na wafugaji waliuana, wakafa zaidi ya watu 30. "Huku msako wa ng'ombe ni sherehe," akasema.

Nikainama kutazama nyayo za ng'ombe. Kila shimo la kwato lilikuwa limejaa maji. Kuna mmea mdogo wa jamii ya karoti, unaotambaa chini, ambao ni adimu mno Uingereza, na hapa ndipo ngome yake. Unahitaji mafuriko, na unahitaji kukanyagwa. Ukiwaondoa ng'ombe kwa nia njema ya kuuhifadhi, utakuwa umeuua. Na kwa kuwa uwanda huu, inavyoaminika, haujalimwa kwa miaka ipatayo 4,000, makaburi ya Zama za Shaba na alama za maboma ya Zama za Chuma bado zimo ardhini.

Si kwamba watu waliuacha hivi hivi. Karne ya 17 na ya 18 kulikuwa na mbio za farasi, na kamari bila shaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, marubani wa kijeshi wakafundishiwa hapa kuruka. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, askari waliookolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wakapigiwa mahema. Kando yake likaja dampo la mji, ambalo sasa limefukiwa na kuwa hifadhi ya ndege na vichaka.

Tulivuka daraja la Medley, tukafuata njia ya ng'ambo ya mto Thames kwenda Godstow. Ukigeuka nyuma unaona mabweni ambayo chuo kikuu kilijenga kando ya reli mwaka 2012 na 2013. Wenyeji walilalamika kwamba yameziba mandhari ya minara, na mwaka 2015 pendekezo la kuondoa ghorofa ya juu likashindwa kwa kura za wanataaluma. Kwa macho yangu ni mabaya kweli.

Godstow tulipita haraka magofu ya nyumba ya watawa wa kike, tukaingia Wolvercote. Pale darajani kuna bamba la kumbukumbu ya Hotchkiss na Bettington, maofisa wawili ambao ndege yao ilianguka karibu hapo tarehe 10 Septemba 1912. Chini ya daraja hilo unapita mkondo wa kinu, uliotangazwa rasmi mwaka 2022 kuwa mahali pa kuogelea. Maji yalipopimwa mwaka huohuo yakapewa kiwango cha chini kabisa cha ubora.

Wazee wawili walikuwa wamo majini na kofia zao za sufu, wanapiga soga. Mwenzangu akaniuliza kama nami nitaingia. Nikamwambia anioneshe kituo cha basi.