Nimerudi Msimbati na darubini

Sikuulizwa "umetuletea nini?" Niliulizwa "umetumwa na nani?"

Nilikuwa kwenye tope la mikoko ya kijijini kwetu, pwani ya Mtwara, maji yamepwa, darubini shingoni, daftari mkononi. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akanitazama, akautazama uzio wa gesi nyuma yangu, akaenda zake. Hata magharibi haijaingia, mama mdogo ananiambia kijiji kizima kinasema nimekuja kupima ardhi, fidia ya gesi inarudi. Sikuwalaumu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na mtu mwenye daftari huku si wa kuangalia ndege. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba ulipozinduliwa 2015 mimi nilikuwa Muscat, Oman, habari za bomba la kwenda Dar es Salaam nazisoma kwenye simu.

Ugonjwa wa kupenda kutazama ndege niliupatia hukohuko Muscat, mtaa wa Qurum, kwenye mikoko iliyobanwa na jiji, jirani na matangi ya mafuta ya Mina al Fahal. Kule mikoko yote ni mchu, aina moja tu. Nikajiona mtaalamu.

Mama mdogo alinivua utaalamu huo huku anaokota tondo, konokono wa mikokoni. "Huu wenye magoti, mkoko. Ule uliotangulia baharini, mlilana. Mkandaa huo, magome yake tulipikia rangi. Na huu wenye tunda kama mpira?" Kimya. Mkomafi! Nimezaliwa hapa na jina limenitoka.

Nilitarajia kukuta miti imekauka kando ya gesi. Haikukauka. Pale nilipopita, visiki vilikuwa vingi mbali na uzio, kwenye shoka na pasipo mlinzi. Na yote haya, visima vikiwemo, yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2000.

Kisha wakatua: ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo, wanapasua kaa. Hawa huzaa pwani za Uarabuni, kwenye mashimo wanayochimba mchangani, halafu hushuka huku kula. Njia yangu ileile, tena bila nauli.

Nikampa mama mdogo darubini kwa mbwembwe. Akatazama kidogo.

"Hawa? Mbona huja kila kaskazi. Ulikuwa huwaoni?"

Akanirudishia, akanikabidhi na ndoo ya tondo niibebe. Maji yalikuwa yameanza kujaa.