Mpiga Mishale Hajui Aliyempata

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilikusudia kuwaandikia juu ya silaha za Mungu katika Waefeso 6, lakini kila nilipofungua Biblia nilikutana na ujumbe wangu mwenyewe, ule niliouweka kwenye kundi letu la simu Jumatano iliyotangulia safari yetu ya Battle. Wengi wenu mliusoma. "Tulichanga kila mtu, mbona hesabu za basi hazilingani? Wanaoshika fedha watueleze." Niliuandika saa nne usiku, nikaweka simu pembeni, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Mtunza hazina wetu alijibu asubuhi, kwa upole ambao sikuustahili, akaeleza kwamba nafasi 4 alizilipia mwenyewe kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa wapo ndugu ambao mwezi huu mambo yao hayakukaa vizuri. Hakutaja jina la mtu. Lakini sisi ni ushirika mdogo ugenini, tunajuana mpaka namba za viatu, na kufikia adhuhuri kila aliyetaka kujua alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya familia gani ina watu 4. Jumamosi basi lilipoondoka, viti 5 vilikuwa vitupu.

Kwa ambao hamkuwapo, niseme kidogo tulichokwenda kukiona. Mji wa Battle uko East Sussex, na hata jina lake maana yake ni mapigano, kwa sababu hapo ndipo vilipopiganwa vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba 1066. William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, alivuka bahari akidai kiti cha enzi cha Uingereza. Mfalme Harold akasimama juu ya kilima kumzuia, akiwa ametoka kupigana vita vingine huko Stamford Bridge, kaskazini, siku 19 tu zilizotangulia. Kila mwaka mwezi wa Oktoba waigizaji hukusanyika kwenye mteremko ulio chini ya abasia, yaani nyumba ya watawa ya kale, wakiwa na ngao, farasi na mavazi ya chuma, wakavirudia vita vile mbele ya watazamaji waliosimama nyuma ya kamba. Sisi tulikuwa miongoni mwao, na hotpoti zetu za pilau, na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Wengine walivutiwa na farasi. Mimi nilimtazama mpiga mishale mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa karibu kabisa na tuliposimama. Mishale ya maigizo haina ncha za chuma, imevishwa mpira butu, lakini aliivuta kwa uzito wote wa bega lake, akaielekeza juu, akaiachia ipite juu ya vichwa vya wenzake waliokuwa mbele. Kisha hakutazama ilikokwenda. Mkono wake ulikuwa umekwisha kurudi kiunoni kuchomoa mwingine. Huko juu, nyuma ya ukuta wa ngao, mtu mmoja akaanguka. Mtoto mmoja wa kwetu akanivuta kanzu akauliza, "Bibi, yule babu amempiga nani?" Nikamjibu, "Hajui, mjukuu wangu." Tangu dakika ile sikuona tena maigizo, ingawa niliendelea kusimama pale hadi mwisho.

Niliporudi nyumbani nilitafuta habari zaidi za vita vile, na nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Baada ya ushindi, maaskofu wa Normandy waliwapangia askari wao wenyewe toba, na Askofu Ermenfrid wa Sion, mji ulioko Uswisi ya leo, mjumbe wa Papa, ambaye mwaka 1070 alikuwa Uingereza, akaithibitisha. Aliyejua amemwua mtu, mwaka mmoja wa toba kwa kila aliyemwua. Aliyemjeruhi mtu asijue kama alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi ya aliowapiga, siku moja katika kila juma kwa maisha yake yote, au ajenge kanisa, au alitunze kwa sadaka. Wapiga mishale wakatajwa peke yao, kwa kuwa hawawezi kujua mishale yao ilimpata nani: kwao zikawekwa Kwaresima 3. Hata wachungaji waliobeba silaha hawakuachwa, neno ambalo sisi tunaoshika vipaza sauti siku ya Jumapili tulisikie kwa masikio yote mawili.

Najua mtaniambia kwamba sisi hatulipii dhambi kwa kufunga wala kwa kujenga, bali tumehesabiwa haki bure kwa neema. Amina, na nisingetaka turudi kwenye hesabu za siku 40. Lakini angalieni walioambiwa watubu ni akina nani. Ni washindi, watu waliovuka bahari wakiamini kabisa kwamba haki iko upande wao na kwamba Mungu ameamua hivyo mbele ya macho ya wote. Kanisa halikuwarudisha kwenye swali la nani alikuwa na haki ya kiti cha enzi; liliwauliza kila mmoja, wewe mkono wako ulimpata nani?

Hapo ndipo Bwana aliponishika. Maana siku zote nne baada ya ujumbe ule nilijitetea kwa jambo moja tu, kwamba nilikuwa na haki ya kuuliza. Na kweli nilikuwa nayo. Fedha za ushirika ni za kuulizwa, na mtunza hazina mwenyewe hakulikataa hilo. Haki ya kuuliza ikawa blanketi nililojifunika nisione viti 5. Nilimlenga mmoja, tena kwa maneno ya jumla ili nisionekane nimemlenga, nikawapata wengine 4 ambao sikuwa nimewafikiria hata kidogo, na mmoja wao ana miaka 7. Katika 1 Wafalme 22 yupo mtu aliyevuta upinde kwa kubahatisha, mshale ukampata mfalme Ahabu mahali mavazi yake ya chuma yalipoungana, na jina la mtu yule hatuambiwi. Huenda naye alikwenda kulala bila kujua. Ndiyo maana Daudi aliomba, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." Wapendwa, ombi hilo tumezoea kuliomba kama la unyenyekevu tu, kumbe ni ombi la mtu mwenye upinde mkononi. Tuliombe hivyo. Kabla ya kuinua mikono kusifu, tujiulize ni nani juma hili alitoka kwenye maneno yetu akichechemea, na ni nani alichomwa na neno lililokuwa likimwendea jirani yake.

Na nisibaki peke yangu. Chini ya ujumbe wangu mliweka vidole gumba 11. Katika toba ile ya maaskofu walikuwamo pia wasiompiga mtu yeyote bali walitamani kupiga, nao wakapewa siku 3. Siwatajii majina, lakini kila mmoja anakijua kidole chake. Mtu akiniambia kwamba alibonyeza kwa mzaha, au bila kufikiri, atakuta Mithali 26:18 na 19 imekwisha kumjibu kabla yetu, pale inapomfananisha amdanganyaye jirani yake kisha akasema ni mzaha na mwenye wazimu atupaye mishale. Na aliyeupeleka ujumbe ule kwenye kundi la kanisa jingine, ambako hakuna anayetuhusu, namsihi aende akaseme huko pia ukweli ulivyokuwa.

Maigizo yalipokwisha, waliokufa waliinuka. Mmoja alikuwa akipapasa majani akitafuta miwani yake, na yule mzee wa mishale akamsaidia kuitafuta, wakacheka, wakaenda kunywa chai pamoja.

Alhamisi nilikwenda kwa mtunza hazina. Alinifungulia mlango akiwa na unga wa chapati mikononi, akasogeza kiti, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mama, mimi nimekusamehe tangu asubuhi ile. Lakini si mimi niliyeumia zaidi." Familia ile nimeipigia simu mara 3 bila kupokelewa, na kuandika sitaki. Jumapili baada ya ibada mimi na mtunza hazina tutakwenda kwao. Yeye ndiye atakayebisha hodi, nami nitasimama nyuma yake.