Kasoro Haikuzaliwa Kwenye Miksi

Leo nimewaza juu ya noti moja tu: ile ya juu kabisa ya kiitikio. Kabla ya kuwasha maiki, kabla hata ya kuchagua mdundo, mwimbaji aiimbe noti hiyo mara kumi mfululizo, kwa sauti kamili, bila kinanda cha kumfichia. Ya kwanza ikitoka kwa urahisi na ya kumi akawa ameikunja shingo, ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo umejengewa, uko juu. Shusha nusu toni, jaribu tena, shusha nyingine. Siku ya kurekodi ataipitia noti hiyo mara thelathini au zaidi, na koo lina hesabu zake. Ila ukishusha kupita kiasi, kiitikio kitakaa starehe huku ubeti ukizama chini hadi maneno yawe mnong'ono. Wimbo wa pop unaishi kwenye pengo kati ya ubeti na kiitikio. Ubeti ukizungukia noti nne au tano za chini, kisha kiitikio kikapanda juu yake, msikilizaji hujua amefika hata kama lugha haielewi.

Nimeanza na noti kwa sababu kasoro nyingi zinazolaumiwa kwenye miksi, yaani kule kusawazisha sauti zote mwishoni, zilizaliwa mapema zaidi, wakati kila mtu chumbani alikuwa na furaha na akasema itarekebishwa baadaye. Sauti inayosikika imebanwa haifunguki kwa kitufe. Ilibanwa siku ulipochaguliwa ufunguo.

Kordi hazihitaji ujanja mwingi. C, G, Am na F zimebeba nyimbo zisizohesabika na bado zina nguvu. Kinachochosha ni melodi inayoanza kila mstari kwenye pigo la kwanza. Sogeza mwanzo wa mstari nusu pigo mbele au nyuma, usikie unavyochangamka.

Anayeandika kwa Kiswahili ana jambo la ziada la kuchunga, nami naona halitiliwi maanani inavyostahili. Mkazo wa neno letu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "nakupenda", uzito uko kwenye "pe". Ukiiangusha "nda" kwenye pigo zito na kuivuta, neno linasikika kama limetamkwa na mgeni wa juzi. Sema mstari kwa mdomo wa kawaida huku ukipiga makofi, uone kofi linaangukia wapi, ndipo utunge melodi. Angalia na irabu pia. Noti ndefu ya juu hukaa vizuri kwenye "a", "e" au "o", kwa sababu mdomo uko wazi. Kwenye "i" na "u" koo hujibana, kwa hiyo neno "moyo" au "macho" mwishoni mwa mstari wa juu humsaidia mwimbaji kuliko "kazi" au "huru".

Mwendo wa wimbo ni hesabu ya darasani. Kwa mapigo 120 kwa dakika, baa moja, yaani hesabu ya moja hadi nne, ni sekunde 2. Utangulizi wa baa 4, ubeti wa baa 8 na daraja la baa 4 kuelekea kiitikio ni sekunde 32 kabla kiitikio hakijagusa sikio. Kwa mapigo 100 mpangilio huohuo unakula sekunde 38 na ushei. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, ndiyo maana tangulizi za siku hizi ni fupi. Kata baa 2 za utangulizi kwenye mapigo 120, kiitikio kinaingia sekunde ya 28. Si lazima kila wimbo utii hilo, ila mtunzi ajue anachokitoa sadaka. Mwendo uamuliwe kabla ya kurekodi. Kuvuta au kubana sauti iliyokwisha kurekodiwa kwa pigo moja au mawili hakutambuliki kirahisi. Kwa mapigo kumi, irabu ndefu huanza kutetemeka kama redio yenye betri zilizochoka.

Kuhusu mpangilio wa ala nitasema moja. Kiitikio hukuzwa na kilichoondolewa kabla yake. Toa besi kwenye baa ya mwisho ya daraja, au nyamazisha kila kitu kwenye pigo la nne, kisha rudisha vyote kwa pamoja. Kuongeza vinanda vitatu zaidi huleta msongamano tu, hasa kati ya hezi 1,000 na 4,000, mahali ambapo konsonanti za mwimbaji zinahitaji nafasi ili maneno yaeleweke.

Sasa chumba. Piga kofi moja katikati yake. Ukisikia mlio mkali unaodunda kama mpira mdogo, kuta mbili tupu zinatazamana na zitaingia kwenye sauti yako. Watu huweka sponji nyuma ya maiki, na hapo juhudi nyingi hupotea bure. Maiki ya kondensa, ile nyeti ya studio, inayosikia upande mmoja ni kiziwi kwa nyuma. Inasikia mbele, yaani mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma ya mgongo wake. Basi ning'iniza blanketi zito au simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, na mengine pembeni yake. Epuka kona, kwa kuwa besi hurundikana humo, na epuka katikati kamili ya chumba. Mwangwi wa chumba ukishashikamana na sauti, kompresa, kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, huuinua zaidi kila inapobana, na hakuna namna safi ya kuutoa.

Maiki ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Maiki ya kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye kiunganishi cha sauti, kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta; isipotoa mlio wowote, kagua kitufe cha volti hizo kabla ya kulaumu waya. Mwimbaji akisogea karibu, sauti yake huongezeka besi. Akirudi nyuma, besi hupungua na chumba huingia. Kutoka sentimita 10 hadi 20, kiwango hushuka kwa takriban desibeli 6. Ndiyo sababu mstari mmoja husikika mnene na unaofuata mwembamba. Bandika utepe sakafuni alipokanyaga, asitoke hapo. "P" na "b" zikilipuka, geuza maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni yake.

Kupima kiwango, mwambie aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote. Vilele viguse karibu desibeli -12, visizidi -8, maana akishapandwa na hisia ataimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu. Kwenye rekodi ya kidijitali ya biti 24 hakuna faida ya kusukuma sauti hadi mwisho wa kipimo. Wazo la kujaza kipimo ni urithi wa tepu, ambayo ilikuwa na mvumo wake wa kufunikwa. Sauti ya kidijitali ikigonga sifuri inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki ikarudi kama ilivyokuwa.

Halafu kuna tatizo ambalo mwimbaji hulisikia lakini hana jina lake: anajisikia amechelewa. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa ya sampuli 1,024 kwenye hezi 48,000 ni milisekunde 21, na hizo ni za kuingia tu. Kutoka kuna zake. Akijisikia hivyo, ataanza kuvuta maneno nyuma ya mdundo, prodyuza atamwona hashiki mdundo, kumbe mashine ndiyo iliyochelewa. Shusha bafa hadi 128, ambayo ni chini ya milisekunde 3. Kompyuta ikianza kukatakata, toa biti nzima, yaani ala zote za wimbo, kama faili moja la stereo, fungua mradi mpya mtupu, rekodi sauti juu yake. Kiwango kilekile cha sampuli, mwendo uleule, ukimaliza unazirudisha kwenye mradi mkubwa.

Hedifoni ziwe za kufunga sikio. Zikiwa na sauti kubwa mno mwimbaji hupotea kwenye noti, na mlio wa metronomu, ule wa kuhesabu mapigo, huvuja hadi kwenye maiki. Hausikiki kwenye kiitikio. Unaibuka mwishoni, pale noti ya mwisho inapofifia pole pole na ghafla tik, tik, tik. Zima metronomu kwenye baa za mwisho. Anayependa kuachia sikio moja wazi ili ajisikie, aachiwe, lakini upande huo wa hedifoni unyamazishwe.

Chukua mara tatu au nne za wimbo mzima kabla ya kuanza kukatakata mistari. Mara ya kwanza huwa ya kupasha, lakini rekodi. Mara nyingi ina mstari mmoja ambao hautarudi tena. Kaa na karatasi ya maneno, weka alama kila mstari unapotoka vizuri na mara ya ngapi. Baadaye, wakati wa kuunganisha, chagua kwa mstari mzima. Ukiunganisha neno kwa neno utapata uimbaji usio na kosa na usio na mtu. Acha pumzi zake. Mwimbaji asiyevuta pumzi humchosha msikilizaji bila yeye kujua kwa nini. Kila maungio yafifishwe moja juu ya nyingine kwa milisekunde 5 hadi 10, la sivyo utasikia mgoto mdogo.

Sauti za kurudufia kiitikio ziimbwe upya kwa kweli. Kunakili faili lilelile mara mbili hakuzai waimbaji wawili, kunaongeza desibeli 6 basi. Kuimba upya huchosha, na ndiyo sababu Ken Townsend, fundi wa sauti pale studio za Abbey Road, London, alibuni mwaka 1966 mbinu ya kurudufu sauti kwa tepu. Tofauti ndogo za muda na noti ndizo zinazotoa upana. Weka moja kushoto, moja kulia, ile kuu katikati. Halafu siri ndogo: kwenye hizo mbili za pembeni, mwimbaji asizitamke kwa nguvu "s", "t" na "ch". Vinginevyo kila "s" itasikika mara tatu, kama nyoka watatu wanaopishana.

Kunyoosha noti kwa programu hufanyika baada ya kuunganisha na kabla ya kompresa. Auto-Tune, programu mashuhuri ya kazi hiyo, ilitoka mwaka 1997, na kosa linalofanywa nayo ni lilelile tangu hapo: kuiwekea ufunguo usio sahihi. Ukiiambia wimbo uko C na kumbe uko G, kila F yenye kupanda nusu toni, iliyoimbwa sawasawa, itavutwa hadi noti ya jirani. Kasi ya kunyoosha ikiwekwa sifuri hutoa sauti ya roboti. Ukiitaka, itumie kwa makusudi, isiwe ya kuficha.

Kwenye miksi kazi ni fupi kama hayo ya juu yalifanyika. Kata sauti ya mwimbaji chini ya hezi 80 au 100, hapo hakuna wimbo, kuna mitetemo ya sakafu. Kompresa mbili zinazobana desibeli 3 kila moja husikika asili kuliko moja inayobana 6. "S" kali hushughulikiwa kati ya hezi 5,000 na 8,000, kwa uangalifu, usije ukamtia mwimbaji kithembe. Mwangwi wa kurudia ufuate mwendo: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo. Kwa mapigo 120 ni milisekunde 500 kwa pigo, 250 kwa nusu yake. Sikiliza kwa sauti ndogo, kwa kuwa sikio kwenye sauti kubwa hudanganywa na besi. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Kisha sikiliza kwenye spika ya simu. Besi ikipotea kabisa, usiipandishe. Itie uchafu kidogo, yaani mkwaruzo wa makusudi, ili izae milio ya juu ambayo spika ndogo inaweza kuitoa.

Masta, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa faili la kutolewa, sina mengi nayo. Spotify husawazisha sauti kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi -6 utashushwa tu, ukibaki bapa. Acha kilele kwenye desibeli -1 ili ubadilishaji wa faili usiupasue.

Toa faili la WAV la biti 24, toleo la ala tupu na toleo la sauti tupu siku hiyohiyo. Baada ya mwaka programu nusu zitakuwa zimebadilika na mradi hautafunguka ulivyokuwa. Omba namba ya ISRC, kitambulisho cha kimataifa cha rekodi; ina herufi na tarakimu, jumla 12, na huenda na rekodi, si na utunzi. Utunzi ni haki nyingine. Kwa huo andikeni karatasi: nani aliandika maneno, nani melodi, nani biti, kwa asilimia zinazofika 100, kila mmoja na sahihi yake, kabla waya wa maiki haujakunjwa.