Taa ya chaja ilizimika, chaja ikasingiziwa

"Papa, hii chaja imekufa. Ona, taa haiwaki." Fundi wa kwanza, pale Nyawera hapa Bukavu, hakumaliza hata dakika mbili. Nikanunua chaja nyingine, dola ishirini na kitu. Nyumbani nikaichomeka ukutani, taa ikawaka. Nikaiingiza kwenye laptopu ya Dell, taa ikazimika. Fundi wa pili, wa Kadutu, akaamua kwamba chaja mpya ni feki na katimeri, yaani bodi kuu ya mashine, imeunguzwa na umeme: nitoe dola mia moja na zaidi, au nitafute mashine nyingine. Wote wawili waliiona taa ikizimika mbele ya macho yao, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Chaja ya Dell ina kinga ndani yake. Ikivutwa ampea kupita uwezo wake inajifunga, na haitoi kitu tena mpaka uichomoe ukutani na kungoja sekunde kadhaa. Kwa hiyo taa inayowaka chaja ikiwa peke yake, kisha ikazimika pindi inapogusa mashine, inakuambia ndani ya mashine kuna shoti, yaani mahali umeme unapovuja moja kwa moja. Chaja zisizo na taa nazo zina lugha yao: weka sikio, nyingine utazisikia zikifanya tik, tik, tik, zikijaribu kuwaka na kujifunga tena.

Mashine yenyewe ni Latitude 5480, chaja ya volti 19.5, ampea 3.34. Ukipima ncha ya chaja hii, ukuta wa nje ni masi (upande hasi), ukuta wa ndani ni chanya, na ile sindano nyembamba ya katikati haina kazi ya kupeleka nguvu. Inabeba taarifa tu, ili laptopu ijue ni chaja ya wati ngapi. Usiiguse kwa waya wa multimita wakati unagusa ukuta wa ndani. Ukiipelekea volti 19 umeiua, na baada ya hapo laptopu itawaka lakini itakataa kuchaji betri, nayo itatembea polepole. Chaja zangu zote mbili zilisoma 19.5. Hapo nikajua pesa ya kwanza imekwenda bure.

Nilichomoa betri kutoka kwenye bodi, nikabana kitufe cha kuwasha sekunde 30, nikajaribu tena na chaja peke yake. Kuna laptopu zinazofufuka hapo hapo, fanya hivyo kabla ya kumwendea fundi yeyote. Hii ilikaa kimya. Nikachomoa pia waya wa tundu la chaja pale unapoingia kwenye bodi: taa ikabaki inawaka. Tundu ni zima, ubaya uko kwenye bodi.

Sasa multimita. Kwanza gusanisha waya zake zenyewe. Zangu husoma ohmu 0.3 (ohmu hupima ukinzani wa umeme), na hiyo unaitoa katika kila kipimo. Pale umeme unapoingia kwenye bodi nilipata maelfu ya ohmu, yaani hakuna tatizo. Nyuma ya moseti (swichi za umeme) mbili za mlangoni, kwenye rezista ile pana ya kupimia ampea, nikapata 0.9. Toa 0.3, inabaki 0.6 kati ya njia kuu ya volti 19 na masi. Hiyo ndiyo shoti iliyokuwa inaifunga chaja.

Njia hiyo moja inalisha kila kitu: volti 5, volti 3.3, RAM, prosesa. Kabla ya kuitia umeme wa kutafutia shoti, pima kati yake na koili kubwa ya kila sehemu. Ukipata karibu sifuri kwenye koili yoyote, moseti ya juu ya sehemu ile imeshikana, na umeme utakaouingiza utakwenda moja kwa moja kwenye kile inacholisha. Kama ni prosesa, umeichoma kwa mkono wako. Na koili za prosesa zikisoma ohmu chache tu kwenda masi usishtuke, ndivyo zilivyo hata kwenye mashine nzima. Kwangu hakuna koili iliyoshikana na njia kuu. Ikabaki kapasita, vile vidude vidogo vinavyoshika umeme kwa muda.

Ila kapasita zilizofungwa kwenye njia ile ni nyingi, zimetapakaa pande zote mbili za bodi, na kwa multimita zote zinasoma 0.6 kwa kuwa zimeungwa pamoja. Kung'oa moja moja ni kuchezea bodi bahati nasibu. Mwenye alimentasio ya mezani (kifaa cha kutoa umeme unaoupanga) anaweka volti 1, anafungulia ampea kadhaa, mbovu inapata moto yenyewe. Mimi sina. Nikachukua jiwe la tochi (betri kavu) la kawaida, la volti 1.5, nikalifunga waya, hasi kwenye tundu la skrubu, chanya kwenye ile rezista. Nikamimina alkoli ya asilimia 90 ya famasi, maana hukauka kwanza palipo na moto, nikainama. Nikangoja. Hakuna kilichokauka. Nikabadilisha jiwe, nikangoja tena, nusu chupa ya alkoli ikaisha na chumba kikanuka kama hospitali. Baadaye ndipo nikapima volti jiwe likiwa limeunganishwa: 0.2. Mawe haya ya bei rahisi yanatosha redio, lakini ukiyadai ampea yanaanguka palepale.

Dawa ilikuwa ndani ya mashine ya kunyolea: betri ya kuchaji, aina ya NiMH, volti 1.2. Volti yake ni ndogo kuliko ya lile jiwe, lakini inaweza kutoa ampea mbili tatu bila kuyumba, na 1.2 haiwezi kuumiza njia iliyojengwa kwa 19. Usijaribu na betri ya simu, ina volti karibu 4 na ikishikwa na shoti inaweza kuwaka moto. Waya uwe mnene na mfupi. Shika sekunde 10, achia, maana betri yenyewe inapata moto. Nikapaka alkoli kwa brashi mara hii, kidogo tu, ing'ae. Sekunde ya nne, karibu na koili ya volti 5, doa likaanza kukauka, duara dogo likipanuka, na katikati yake kapasita moja ya rangi ya udongo, ndogo kuliko punje ya mchele. Nikarudia mara tatu kwa furaha tu.

Kuing'oa kunahitaji uvumilivu, kwa sababu upande wake wa masi umeungwa na shaba pana inayonyonya moto wote. Weka flaksi (dawa ya kulehemia), ongeza risasi mbichi ya kulehemia pande zote mbili hadi zikutane juu ya kapasita, kisha iteleze kwa chuma cha kulehemu. Usiivute kwa kibano kabla risasi haijayeyuka, utaondoka na shaba ya bodi. Ilipotoka, multimita ikapanda hadi kilo-ohmu makumi.

Laptopu ingeweza kuwaka bila hiyo, zilizobaki zinatosha kwa muda. Mimi niliweka nyingine kutoka kwenye bodi iliyokufa. Kapasita hizi haziandikwi chochote, kwa hiyo usichukue yoyote inayofanana kwa ukubwa. Chukua iliyokuwa kwenye njia ya volti 19 ya bodi ile pia. Ukiokota ya upande wa volti 5, huenda imetengenezwa kuvumilia 6.3 tu, na utaisikia ikipasuka.

Chaja ndani, taa ikabaki. Kitufe: taa ya betri ikapepesa machungwa mara mbili, nyeupe mara tatu, skrini giza. Kwa Dell za rika hili maana yake RAM (kadi ya kumbukumbu) haionekani. Ni kweli, nilikuwa nimeisahau mezani.

Na ule umeme uliosingiziwa? Nikaikuza kapasita kwa kamera ya simu. Ina ufa wa mshazari, unaanzia pembeni pale risasi inapokomea na kupanda juu. Ufa wa namna hiyo unatokana na bodi kupinda. Umeme wa Bukavu unapanda na kushuka, najua, lakini ili uifikie kapasita hii ungelazimika kupita kwanza ndani ya chaja, na chaja ni nzima. Mwenye laptopu ni mdogo wangu: anaiinua kwa kona moja ikiwa wazi, na kila asubuhi inabanwa ndani ya mkoba kati yake na mwenye pikipiki kupanda mlima. Nimemwambia aishike kwa mikono miwili. Amenijibu, "Ndiyo, yaya," yaani mkubwa wake, na kuinyanyua kwa kona.

Chaja ya pili ipo, mpya kabisa. Anayeihitaji nitamuuzia, lakini aje na laptopu yake tuiangalie taa kwanza.